Mallard ya bati: kumbukumbu ya mradi wangu

Tarehe 11 Januari

Leo nimeanza rasmi kazi ambayo nimeizungumza nyumbani kwa muda mrefu kiasi kwamba mke wangu aliacha kuniuliza itaanza lini. Ninaunda mfano wa Mallard, kichwa cha treni cha mvuke namba 4468 cha kampuni ya reli ya Uingereza iliyoitwa LNER, kwa kipimo cha 1 kwa 32, nikitumia bati la madebe ya mafuta ya kula, mbao za mninga na waya wa shaba. Kipimo hicho nimekichagua kwa hesabu nyepesi: reli za Uingereza zimeachana milimita 1435, na ukigawa kwa 32 unapata karibu milimita 45, upana ambao mtu anaweza kuufanyia kazi kwa mkono bila kuazima miwani ya sonara. Kichwa chenyewe pamoja na behewa lake la makaa kilikuwa na urefu wa mita 21.6 hivi, changu kitafika sentimita 67 na nusu, na kitakaa juu ya kabati la vyombo ikiwa mwenye kabati ataridhia.

Mimi ni mtu wa Tanga, na nimekulia karibu na reli yetu ya upana wa mita moja. Vichwa vya mvuke vya Afrika Mashariki nilivyovijua, kwanza kwa masimulizi ya wazee na baadaye kwa macho yangu katika jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, vilikuwa vikubwa na havikuficha kitu. Mount Gelai, namba 5918, iliyoko pale Nairobi, ni nzito kuliko Mallard na behewa lake la makaa, lakini kila bomba lake liko nje, na ukisimama ubavuni mwake unaweza kufuata njia ya mvuke kwa kidole. Ndiyo maana nilipoona picha ya Mallard kwa mara ya kwanza sikuiamini. Niliona kitu cha buluu kilicholala mbele kama kabari, kimefunikwa hadi karibu na reli, na nikajiuliza moto uko wapi.

Tarehe 25 Januari

Wiki mbili zimepotea. Mchoro niliupeleka kwenye duka la kuchapishia, nikalipa, nikaubandika kwenye ubao, na kwa siku tisa nikakereza magurudumu sita makubwa kwa kuufuata bila kuuhoji. Gurudumu la kuendeshea la Mallard lina kipenyo cha milimita 2032, kwa hiyo langu lilipaswa kuwa na milimita 63.5. Jana nililipima la sita nikapata 61 na nusu. Nikalipima la kwanza, nikapata vilevile. Kumbe mashine ya kuchapishia iliupunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi, kwa takriban asilimia tatu, na mimi sikuweka rula hata mara moja juu ya upana wa reli. Magurudumu hayo sasa ni ya mwanangu, ambaye ameshaunda mkokoteni.

Nimeanza upya, na safari hii vipimo nimeviandika kwa kalamu ukutani: makubwa 63.5, madogo manne ya mbele 30, na mawili ya nyuma 35.

Tarehe 16 Februari

Pua. Nilijua kuwa ndiyo itakayonitesa, na imenitesa.

Kwenye picha, uso wa vichwa vya aina hii, vinavyoitwa A4, unaonekana kama bati moja lililokunjwa kwa upole kutoka juu ya boila hadi chini mbele ya magurudumu. Inajulikana kwamba Nigel Gresley, aliyevibuni, alivutiwa na mabehewa yenye injini yaliyoundwa na Bugatti kule Ufaransa, ambayo nyuso zake zilikuwa na umbo la kabari. Kabari peke yake ni rahisi, hata mtoto anaikunja kwa karatasi. Taabu iko mabegani, pale uso unapokutana na ubavu, kwa sababu hapo bati linatakiwa kupinda kushuka chini na wakati huohuo kupinda kurudi nyuma. Nilijaribu mara nne. Mara zote nne lilifanya makunyanzi, na la mwisho lilipasuka.

Nikaenda Ngamiani kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza vibatari na mabirika. Baada ya shikamoo na marahaba aliishika picha, akaigeuza, akaiweka mbali na macho, kisha akasema, “Mwanangu, hiki ni chombo cha majini kilichopotea njia.” Nilipomwonyesha vipande vyangu vilivyoharibika hakucheka, jambo ambalo nilimshukuru kimoyomoyo. “Bati halikubali kuamrishwa mambo mawili kwa mara moja,” alisema. “Ukilidai hivyo linafura kama chapati. Lilainishe kwa moto, ulilaze kwenye kalibu ya mti, uanzie ukingoni, na ugonge kidogokidogo kwa nyundo ya mti. Katikati kutajileta kwenyewe.”

Nilichonga kalibu kwa mninga, nikarudi kwake, na kwa asubuhi nzima tukagonga kwa zamu. Sauti ya nyundo ya mti juu ya bati lililolainika ni butu, kama mtu anayepiga godoro, na inapobadilika kuwa kali unajua kwamba bati limekaza tena na linataka kurudishwa motoni. Saa sita mchana tulikuwa na mabega mawili yanayofanana, si kabisa, lakini kiasi kwamba tofauti naijua mimi na yeye tu.

Sehemu ya chini ya uso nimeikata ili ifunguke. Katika kichwa halisi, mbele kulikuwa na milango miwili mikubwa, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, iliyofunguliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma ili wafanyakazi wafikie chumba cha moshi na kuondoa majivu. Waliufananisha na mdomo wa samaki, na kwa mtu wa pwani hakuna haja ya maelezo zaidi.

Tarehe 9 Machi

Rafiki yangu mmoja, baada ya kuiona pua, ameniuliza kwa nini sikuchagua Coronation, kichwa cha kampuni shindani ya LMS, ambacho anakiona kizuri zaidi. Ni swali la haki. Coronation, namba 6220, kilichobuniwa chini ya William Stanier na kuundwa Crewe mwaka 1937, kilikuwa cha buluu chenye mistari ya rangi ya fedha iliyoanzia puani na kutiririka ubavuni hadi kwenye mabehewa. Tarehe 29 Juni 1937 kilifikia maili 114 kwa saa, yaani kilomita 183, kikiwa karibu mno na stesheni ya Crewe, na breki zilipofungwa muda ulikuwa umeshapita. Treni iliingia kwenye njia panda za stesheni kwa kasi karibu mara tatu ya iliyoruhusiwa, ikabaki juu ya reli, na vyombo vya jikoni vikavunjika sakafuni.

Jibu langu ni kwamba vazi la Coronation lilikuwa kanzu, na kanzu huvuliwa. Kati ya vichwa 38 vya jamii yake, 24 viliundwa vikiwa na vazi hilo, na kuanzia mwaka 1946 yote yalivuliwa kwa sababu yaliwapa mafundi kazi ya ziada kila walipotaka kufikia kitu ndani. Vilivyovuliwa vilibaki kwa miaka na kipaji kilichokatwa mshazari juu ya chumba cha moshi, kama mtu aliyevua kofia na alama yake ikabaki kwenye nywele. Kimoja, Duchess of Hamilton, kimevishwa upya na kiko katika jumba la makumbusho ya reli la York. Vichwa vya A4 vilikuwa 35, vilivyoundwa Doncaster kati ya 1935 na 1938, na vilivyofika mwisho wa utumishi wao vilifika na uso uleule. Nimetaka kuunda kitu ambacho umbo lake lilikuwa sehemu ya kazi. Rafiki yangu hakukubali, na anaunda Coronation ya karatasi ngumu kwa ukaidi.

Tarehe 30 Machi

Nimekosea dohani. Nilitengeneza moja ya mviringo, nikailehemu, nikaipiga msasa, ndipo nikakumbuka kwamba Mallard ilikuwa na dohani mbili zilizounganishwa ndani ya kifuniko kimoja kirefu. Kosa hilo lisingekuwa dogo, kwa sababu hapo ndipo ilipo siri kubwa ya kasi yake.

Katika kichwa cha mvuke, mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutolewa kupitia dohani, na unapotoka huvuta moshi na kuufanya moto upate hewa. Ukiubana mvuke huo ili uvute kwa nguvu, unazirudishia pistoni mzigo. Ukiuachia, moto unafifia. Mfini Kylälä na Mfaransa Chapelon walipata njia ya kuugawa mvuke katika matundu kadhaa yaliyopangwa kwa ngazi, ili uvute vizuri bila kubanwa sana, na mfumo huo ukaitwa Kylchap. Mallard ilikuwa ya kwanza kati ya A4 nne tu zilizotoka kiwandani nao.

Tarehe 3 Julai 1938, ikiwa na umri wa miezi minne, ilipewa mabehewa saba, mojawapo likiwa la vyombo vya kupimia, kwa kile kilichoelezwa kuwa majaribio ya breki. Dereva alikuwa Joe Duddington na mtia makaa alikuwa Tommy Bray. Wakielekea kusini waliteremka mteremko wa Stoke, na karibu na Little Bytham vyombo viliandika maili 126 kwa saa, kilomita 203. Rekodi ya vichwa vya mvuke ilikuwa ya Wajerumani, walioweka kilomita 200.4 mwaka 1936. Gresley mwenyewe hakupenda kuidai ile 126 iliyoguswa kwa kitambo kidogo tu, akaiona 125 kuwa ndiyo ya haki. Kibao cha kumbukumbu kiliwekwa ubavuni mwaka 1948, wakati yeye alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1941.

Haikufika London siku hiyo. Mallard ina silinda tatu, na vali ya silinda ya kati huendeshwa na mitaimbo inayopokea mwendo kutoka kwa zile mbili za pembeni, kwa hiyo kila ulegevu wa pembeni hujumlishwa katikati, na silinda ya kati hufanya kazi zaidi ya sehemu yake. Ndani ya beringi kubwa ya kati waliweka kichupa chenye harufu kali ya anisi, ili ikipata joto kupita kiasi dereva ajue kwa pua yake. Beringi ilipata joto, ikaharibika, na treni ikasimama Peterborough, ambako kichwa cha zamani kiliichukua hadi King’s Cross.

Katika mfano wangu fito ya kati, ile inayopeleka nguvu ya pistoni magurudumuni, haionekani kabisa. Nimeitengeneza hata hivyo, na ndani ya beringi yake nimetia punje moja ya karafuu.

Tarehe 20 Aprili

Jaribio la moshi. Nilikuwa nimeujaza mgongo wa pua, nyuma ya dohani, kwa udongo laini wa kufinyangia, nikausawazisha hadi ukang’aa, kwa sababu niliona kuwa laini ndiyo nzuri. Kisha nikapitisha vijiti vitatu vya udi ndani ya dohani kutoka chini, nikawasha feni ya mezani mbele ya pua, na kukaa kando kutazama. Moshi ulitoka, ukalala mgongoni kama paka, ukatambaa moja kwa moja hadi kwenye madirisha ya dereva.

Hilo ndilo lililowasumbua hata waundaji wa A4 wenyewe. Mfano wa A4 ulipimwa Teddington, katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, ndani ya handaki linalopulizwa upepo, na shida ilikuwa kuunyanyua moshi usimzibe dereva macho. Inasimuliwa kwamba dole gumba la mtu liliubonyeza udongo wa mfano ule nyuma tu ya dohani, kwa bahati, na jaribio lililofuata moshi ukapanda. Nikaurudia mchoro kwa kioo cha kukuzia, na kweli kishimo kipo, kidogo, ambacho kwa miezi mitatu nilidhani ni doa la wino.

Nilibonyeza dole gumba langu. Mara ya kwanza lilikuwa ndani mno na moshi ukazunguka palepale. Mara ya tatu uliinuka, labda kwa upana wa vidole viwili, ukapita juu ya paa la chumba cha dereva, kisha mwanangu akaongeza kasi ya feni na udi ukazimika. Sisemi kwamba nimethibitisha kitu; upepo wa feni juu ya kitu cha sentimita 67 haufanyi kazi kama upepo wa kilomita 200 kwa saa. Lakini alama ya kidole nimeiacha ilivyo, na sitaipiga msasa.

Tarehe 18 Mei

Rangi imekamilika isipokuwa herufi. Buluu ya kwanza ilikuwa nzito kama ya sare ya shule, nikaikwangua. Ya pili ina mwangaza zaidi, na magurudumu ni mekundu kama yalivyokuwa.

Lililobaki ni sketi, yale mabati ya ubavuni yanayofunika sehemu ya juu ya magurudumu makubwa. Mwaka 1938 Mallard ilikuwa nayo, kisha wakati wa vita yaliondolewa ili mafundi wafikie fito na beringi kwa urahisi, na hapo, nakiri, kanzu ya A4 ilivuliwa kidogo nayo. Rafiki yangu wa Coronation hakusahau kunikumbusha. Nikiyaweka, magurudumu niliyoyakereza mara mbili yatajificha nusu. Nimeamua kuyashika kwa sumaku ndogo nne kila upande. Upande wa kulia zimeshika vizuri. Wa kushoto zinaachia kila mlango wa kabati unapofungwa, na mwenye kabati anasema tatizo si mlango.