Misuli ya mguu kukaza usiku: kilichonisaidia

Shavu la mguu lilikuwa likinikaza usiku hadi nauma mto. Hapa Likoni kila jirani ana dawa yake: sabuni chini ya shuka, madafu, ndizi, shangazi naye akanichua kwa mafuta ya nazi. Kuchuliwa kulipoza. Sabuni ilinukia tu. Kwinini, ile dawa ya malaria, niliikataa, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kilichonifaa ni kunyoosha. Kabla ya kulala naweka viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino hakibanduki sakafuni. Nahesabu hadi 30, kisha nabadilisha mguu. Ukinikaza usiku, navuta vidole vyake kuelekea gotini (usivisukume mbele, utauzidisha!). Mguu ukivimba na kuwa na joto, hilo ni jambo jingine: muone daktari.