Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka kwa Wazee wa Wiltshire Hadi Mawe ya Avebury

Saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Juni, jua la Wiltshire lilikuwa limekwisha kuchomoza, na baba watoto alikuwa bandani akikamua ng'ombe tangu saa kumi. Sisi watu wa Mwanza, tuliozoea jua lisilobadili ratiba yake mwaka mzima, bado hatujazizoea siku hizi ndefu za kusini mwa Uingereza.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Saa moja asubuhi nilikuwa kwa mzee wangu wa kwanza, mfugaji wa kondoo wa zamani mwenye umri wa miaka 91. Huku hakuna shikamoo, lakini mimi humwinamia kidogo kila ninapomsalimu, naye amelizoea jambo hilo bila kuniuliza.

Nikielekea nyumba ya pili, kwenye njia nyembamba iliyobanwa na michongoma pande zote mbili, nilikutana na trekta, ikanibidi nirudi nyuma mpaka penye upenyo. Dereva aliinua kidole kimoja tu juu ya usukani, na hiyo ndiyo ahsante ya huku. Kwenye geti la shamba moja palikuwa na meza ya mayai isiyo na muuzaji, ila kikopo cha hela tu. Nilichukua mayai sita, nikatumbukiza sarafu zangu. Mchana niliongezewa mzee mwingine bila taarifa, hivyo chakula nilikila ndani ya gari.

Saa tisa na nusu niliwachukua watoto shuleni. Baba watoto alimaliza mkamuo wa pili saa kumi na mbili jioni, na kwa kuwa jua lilikuwa bado juu, tulikwenda Avebury.

Avebury ni kijiji ambacho sehemu yake imejengwa ndani ya duara la mawe yaliyosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Hakuna kiingilio cha kuyaona mawe hayo, kondoo hulisha katikati yake, na tofauti na Stonehenge, duara jingine maarufu la mawe ya kale huku Wiltshire, ambako wageni wa kawaida huzuiwa na kamba, hapa mtoto anaweza kuliegemea jiwe. Zamani wanakijiji waliyafukia baadhi, na mengine wakayapasua kwa moto na maji wakajengea nyumba, na katika miaka ya 1930 Alexander Keiller, aliyerithi utajiri wa marmaledi (jamu ya machungwa), akayasimamisha tena mengi ya yale yaliyokuwa yamefukiwa. Wanangu walivutiwa zaidi na jiwe la kinyozi: mwaka 1938 chini yake ilikutwa mifupa ya mtu, pamoja na mkasi na sarafu za karne ya 14.

Saa mbili tulimpigia bibi yao, ambaye kwake ilikuwa saa nne usiku.

"Shikamoo bibi! Tumekuja kuona mawe!"

"Marahaba. Mawe? Mmetoka Mwanza mkaenda hadi Ulaya kutazama mawe?"

"Haya yalipangwa na watu, bibi."

"Basi ya kwetu kayapanga Mungu mwenyewe, na hayajaanguka."

Saa tatu na nusu jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama. Nilifunga pazia zito ili watoto wakubali kwamba ni usiku, kisha nikatega saa mbili za kuamkia: ya baba watoto saa tisa na nusu, yangu saa kumi na moja.