Masharti ya Uzamili wa Piano na Jinsi Nilivyoyapangia Kalenda

Katika shahada ya uzamili ya upigaji muziki, kupiga ni sehemu tu ya kazi. Mimi ni mpiga piano na nilisoma kwa mfumo wa Marekani, ambako shahada hii kwa kawaida huchukua miaka 2, yaani mihula 4, na haipungui krediti 30, yaani vizio vya kuhesabia masomo. Ndani yake kuna masomo ya ala kila muhula, muziki wa vikundi vidogo, nadharia, historia, somo la utafiti wa maktaba, onyesho la kuhitimu la takribani saa nzima, na mtihani wa mdomo mbele ya jopo. Kila sharti lina tarehe yake, na tarehe hizo hazijuani. Ofisi ya udahili haina habari na mipango ya mwalimu wako, wala anayetunza ratiba ya ukumbi hajui una mtihani gani wiki hiyo. Wa kuzikutanisha ni wewe.

Nilipanga kuanzia mwisho. Niliandika kwanza onyesho la kuhitimu, kisha nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka audisheni, yaani usaili wa kupiga mbele ya jopo ili upate nafasi chuoni. Hapo nikaona jambo ambalo liliniongoza safari nzima: muziki wa audisheni na muziki wa onyesho unaweza kuwa uleule kwa sehemu kubwa, na muziki huohuo ukautumia tena kwenye karibu kila sharti lililo katikati.

Masharti ya audisheni ya piano hufanana sana kati ya chuo na chuo. Hutakwa kazi ya Bach, mara nyingi preludi (kipande cha utangulizi) na fyuga (muziki wa sauti kadhaa zinazoingia moja baada ya nyingine kwa wimbo uleule). Sonata nzima ya kipindi cha Klasiki. Kazi kubwa ya Kiromantiki. Na kipande cha karne ya 20 au cha sasa. Baadhi huongeza etyudi, kipande cha kuonyesha ufundi wa vidole. Nilichagua Preludi na Fyuga ya B-flati maina kutoka kitabu cha kwanza cha Bach cha 1722, Sonata Op. 110 ya Beethoven (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi), Ballade ya kwanza ya Chopin, na Suite Op. 14 ya Bartók ya 1916. Vyote kwa pamoja ni kama dakika 45. Kilichobaki kwa ajili ya onyesho ni robo saa tu, nikaijaza baadaye na Estampes za Debussy.

Wapo walimu wasiopenda mpango wa namna hii. Husema mwanafunzi wa uzamili aje kujifunza muziki mpya, si kuzunguka na begi lilelile. Nawaelewa, lakini muziki mpya ulinijia kwa njia nyingine, kama mtakavyoona, na hakuna aliyewahi kunishawishi kwamba onyesho la mtihani ni mahali pa kupeleka kipande cha miezi minne.

Vyuo vingi vinataka video ya mchujo kabla ya kukuita, na tarehe ya mwisho huwa mara nyingi 1 Desemba. Sharti la kawaida ni kwamba ndani ya kipande kimoja hakuna kukata na kuunganisha. Kati ya kipande na kipande unaruhusiwa kusimamisha kamera. Mikono na uso vionekane. Mimi niliita fundi wa kusawazisha piano asubuhi ileile ya kurekodi, nikaweka maikrofoni mbali kidogo na kifuniko ili sauti isije kali, nikaanza na fyuga wakati kichwa bado hakijachoka. Bartók niliiacha mwisho kwa sababu uchovu hauiharibu sana, pengine unaisaidia.

Audisheni yenyewe, kati ya Januari na Machi, huwa fupi. Unachagua kipande cha kwanza, jopo linachagua kinachofuata, na wanakukatiza wakishasikia walichotaka. Kukatizwa si dalili mbaya. Kigumu ni kuruka kutoka katikati ya Beethoven hadi katikati ya Chopin bila kupumua, kwa hiyo hilo ndilo nililolifanyia mazoezi: kuanza popote. Waimbaji wana kalenda yao tofauti, maana wanabeba pia matamshi ya Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, na wapiga fidla wanamhitaji mpiga piano wa kuwasindikiza. Kabla ya yote hayo niliwaandikia walimu niliotaka kusoma kwao, nikaomba somo moja la majaribio. Mwalimu mmoja hupokea wanafunzi wapya wachache sana kwa mwaka, na jopo zima linaweza kukupenda huku yeye hana nafasi.

Sasa fedha. Mpiga piano ana bahati kuliko wenzake wengi, kwa sababu vyuo vinahitaji wasindikizaji na viko tayari kupunguza au kufuta ada kwa ajili hiyo. Mwanafunzi wa kigeni mwenye visa ya masomo kule haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na ofa nyingi za ufadhili wa uzamili zinasubiri jibu mpaka 15 Aprili. Kabla ya kujibu niliuliza swali moja: saa hizo zinahesabiwaje? Je, ni saa za kukaa na mwimbaji tu, au pia saa za kujifunza muziki wake? Tofauti ni kubwa. Konseto ya klarineti iliyopunguzwa kutoka okestra hadi piano huandikwa na mtu ambaye hakufikiria kabisa kwamba binadamu ana vidole kumi. Niliomba pia nipewe orodha ya muziki kabla ya muhula kuanza, nikapewa nusu yake. Nusu hiyo ilitosha kuniokoa Septemba nzima, na ndiyo iliyokuwa muziki wangu mpya: sonata za ala za kupuliza, nyimbo za Kijerumani, konseto za kila aina.

Wiki ya kwanza, kabla ya darasa lolote, kuna mtihani wa kupanga viwango: nadharia, usikivu na historia. Haukufukuzi chuoni. Ukishindwa unapelekwa darasa la marudio, na darasa hilo kwa kawaida halihesabiwi kwenye krediti za shahada. Unalipa, unahudhuria, unaandika kazi zake, na hesabu yako ya kuhitimu inabaki palepale. Nimeona wapiga ala hodari wakiongeza muhula mzima kwa sababu hiyo, na kwa maoni yangu hili ndilo sharti linalodharauliwa kuliko yote.

Anayetoka kwenye kwaya ana mtaji hapa. Soprano, alto, tena na besi anazijua kwa sikio, na kama alifundishwa kwa do inayohama na ufunguo, kusikia wimbo na kuuandika papo hapo hakutamshinda. Lakini mtihani unataka pia sheria zilizoandikwa: sauti mbili zisitembee pamoja kwa umbali uleule wa nota tano (tano sambamba) au nane (oktava sambamba), nota ya saba ya ufunguo ipande, saba ya kodi, yaani ya nota zinazopigwa pamoja, ishuke. Halafu zinakuja kodi za kromatiki, zenye nota za nje ya ufunguo: ile ya Kinapoli, inayojengwa nusu toni juu ya nota ya kwanza ya ufunguo, na zile za sita iliyopanuliwa ambazo zimepewa majina ya Kiitalia, Kifaransa na Kijerumani. Sikuzisoma kwenye kitabu cha mazoezi. Nilizitafuta kwenye muziki wangu mwenyewe, penseli mkononi. Ballade ile iko katika G maina, lakini utangulizi wake unatandaza A-flati meja, nayo ndiyo ya Kinapoli hasa, mlangoni kabisa. Ukishaipiga mara nyingi huku ukijua jina lake, hutaisahau kwenye karatasi. Kwa historia nilifanya vivyo hivyo: nilichukua kila mtunzi wa onyesho langu nikauliza nani alikuwa kabla yake, nani wakati wake, nani baada yake. Watunzi watano wakanipa karne mbili.

Somo la utafiti wa maktaba nilidhani litakuwa la kukaa na kupiga miayo. Likawa miongoni mwa yaliyonifaa zaidi. Unafundishwa katalogi na namba zake, BWV kwa Bach, K kwa Mozart, D kwa Schubert, na unafundishwa kuuliza toleo ulilonalo lilitoka wapi. Chopin alichapishwa karibu kwa wakati mmoja Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, na matoleo hayo hayakubaliani kila mahali. Katika utangulizi wa Ballade, kwenye kodi ya mwisho kabla wimbo haujaanza, mkono wa kushoto una E-flati inayouma sikio. Matoleo mengine yameandika D, na kila kitu kinakuwa laini na cha kawaida. Niliandika kazi yangu ya somo hilo juu ya nota hiyo moja. Baadaye kazi hiyo niliifupisha, ikawa maelezo ya Chopin kwenye programu ya onyesho, ambayo nayo ni sharti.

Kupiga bila karatasi kulinichukulia muda kuliko jambo lolote. Desturi hii ilienea karne ya 19, wapiga piano Clara Wieck na Liszt wakiwa miongoni mwa walioianzisha jukwaani, na wapo waliowaona wanajionyesha. Leo vyuo vingi vinaidai kwa mpiga piano anayepiga peke yake, ila muziki wa vikundi husamehewa, na mara nyingi kazi mpya sana pia. Fyuga ya B-flati maina ina sauti 5. Vidole vinaweza kuikariri vyenyewe, lakini kumbukumbu ya vidole ndiyo ya kwanza kukimbia ukipanda jukwaani. Kwa hiyo niliimba sauti moja huku nikipiga nne zilizobaki, kisha nikabadilisha. Ya katikati ndiyo ilikuwa adui. Niliiandika kwenye karatasi tupu, mbali na piano, na kila nilipokwama nilijua pale hasa ndipo jukwaani ningeanguka.

Kwa kila kipande niliweka vituo, mahali pa kuanzia upya, nikavipa namba. Jioni nilikuwa naitaja namba bila mpangilio na kuanzia hapo, mkono wa kushoto peke yake, taratibu. Op. 110 ilinufaika kuliko zote. Mwishoni mwake kuna fyuga ya sauti 3 katika A-flati meja. Inakatizwa na wimbo wa huzuni katika G maina, halafu inarudi katika G meja ikiwa imepinduliwa, iliyopanda ikishuka. Mtu asiyejua yuko kwenye fyuga ipi anaweza kabisa kujikuta amerudi kwenye ile ya kwanza mbele ya watu.

Tarehe ya onyesho niliichagua nikihesabu kazi yangu ya kusindikiza wengine. Wanafunzi wengi hupenda Aprili ya mwaka wa pili, kwa hiyo Aprili ukumbi hauna nafasi na mpiga piano anasindikiza maonyesho ya kila mtu. Mimi niliomba mwishoni mwa Novemba, muhula wa tatu. Wiki kadhaa kabla ya hapo kuna kikao cha ruhusa: walimu wachache wanasikiliza vipande watakavyo, wakiridhika unaruhusiwa kutangaza tarehe, wasiporidhika unaahirisha. Nilikifanya nikiwa nimeshapiga programu nzima mbele ya marafiki, katika chumba chenye piano mbovu, kwa makusudi. Onyesho lenyewe lilikwenda vizuri. Sina la ziada la kusimulia, isipokuwa kwamba Bartók baada ya mapumziko huamsha hata waliokuja kwa heshima tu.

Muhula wa nne ulibaki kwa mtihani wa mdomo. Jopo la watu watatu, mwalimu wangu akiwemo, na maswali yanaanzia kwenye programu yako kabla ya kutoka nje yake. Waliniuliza fyuga ya Op. 110 inaporudi iko katika ufunguo gani na Beethoven anarudije nyumbani kutoka hapo. Waliniuliza kwa nini nilipiga E-flati. Kisha wakaniwekea kurasa za muziki zisizo na jina, niseme ni za kipindi gani na kwa ushahidi upi: jinsi mkono wa kushoto unavyosindikiza, alama za pedali, upana wa kibodi unaotumika. Ukurasa ukishuka chini ya nota ya chini kabisa ya piano za enzi ya Mozart, huyo si Mozart. Kwa wiki nilizojiandaa nilisoma zaidi ya nilivyopiga, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo vidole vilipumzika.

Jambo moja la ofisini, kwa kuwa halisemwi darasani: fomu ya kuomba kuhitimu mara nyingi hujazwa mwanzoni mwa muhula wa mwisho, kabla mtihani wa mdomo haujafanyika, na msajili hupitia krediti zako wakati huo. Niliipeleka Januari pamoja na nakala ya programu na rekodi ya onyesho ambayo maktaba huitaka. Msajili aliikuta krediti moja ya muziki wa vikundi imeandikwa kama somo la hiari, akairekebisha siku ileile, miezi minne kabla ya sherehe.