Jumatatu yangu na watoto wanaoitwa wakorofi

Saa 12:15 asubuhi. Chai ya rangi, vitumbua viwili, natoka. Mimi ni afisa tabibu mjini Tanga, na Jumatatu huwaona watoto wanaoletwa kwa sababu ya tabia. Wengi hufika wameshapewa jina: mkorofi, mzembe, ana jini. Naliweka jina hilo pembeni, naanza upya.

Saa 2:00. Wa kwanza ana miaka 5. "Hasikii huyu," anasema mama yake. Nauliza: hatii, au hasikii? Mama ananyamaza, kisha anasema masikio yalitoka usaha mwaka jana, yakaachwa. Nasimama nyuma ya mtoto, namwita kwa kunong'ona. Hageuki. Anakwenda kupimwa usikivu leo hii, na kwenye faili siandiki neno lolote kuhusu tabia.

Saa 3:30. Baba mmoja ameangalia video kwenye simu, ana hakika mwanawe ana ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kukosa umakini, na anataka dawa. Simlaumu, ameitwa shuleni mara nyingi mno. Namweleza kwamba dalili zinatakiwa ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya sehemu moja. Nyumbani je? "Nyumbani katulia." Basi tuna maswali ya kuipelekea shule kwanza. Nampa fomu ya mwalimu na ya wazazi, warudi baada ya wiki mbili.

Saa 5:00. Bibi kutoka Muheza na mjukuu wake wa miaka 8.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu wanamchapa kila siku, mie nimechoka kuona."

Ametoa daftari kwenye mkoba wa ukindu. Ni imla. "Mama alikwenda soko", halafu kalamu imeburuta mstari mdogo kwenda chini, halafu "na vitunguu". Mistari mitatu chini, vilevile. Kwa wino mwekundu: *Mzembe!*

Mtoto mzembe huacha kuandika. Huyu aliendelea, ila katikati kuna kipande hakuwepo.

Namuuliza bibi kama huwa anaduwaa. "Ee! Anakodoa tu, ukimwita haitiki. Ukihesabu mpaka kumi, karudi."

Nachana kipande cha karatasi, nampa mtoto akishike mbele ya mdomo, apulize kwa nguvu bila kupumzika, dakika tatu. Kupumua kwa kasi namna hiyo huweza kuamsha aina moja ya kifafa. Dakika ya kwanza karatasi inapepea, anacheka. Ya pili inaendelea, na ghafla inatulia. Macho yamepanda juu, kope zinachezacheza, mkono bado umeishika. Namwambia, "Kasuku." Sekunde kumi na moja. Kisha anapuliza tena, kana kwamba hakuna kilichokatika.

"Nimekwambia neno gani?"

"Hujasema kitu."

Bibi ameuona mchezo mzima. Anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Neno kifafa linamtisha, maana kwake kifafa ni kuanguka na kutoka povu. Tunakaa karibu saa nzima. Haiambukizi, si jini, na mtoto hakufanya makusudi. Asiogelee peke yake, asikae karibu na moto, na miembe asipande kwa sasa. Nampigia daktari bingwa tukubaliane dawa. Kabamazepini, ambayo wengi huizoea kwa kifafa, inaweza kuizidisha aina hii, kwa hiyo tunachagua valproeti, na rufaa ya Dar kwa kipimo cha umeme wa ubongo kuthibitisha. Hapa ndipo naumia: angeandikwa mtukutu tu, au hata akaandikwa "kifafa" bila kusema kipi, angeendelea kupotea katikati ya sentensi.

Saa 8:00. Wali, maharage, faili.

Saa 9:20. Bibi amenipa namba ya mwalimu na ruhusa ya kumweleza. Nampigia, namsimulia habari ya karatasi. Kimya kirefu.

"Nilimchapa Ijumaa," anasema.

Simjibu. Namsikia anavuta kiti.

"Sasa daktari, nimkalishe wapi?"

"Mbele, mwalimu. Na akirudi, mrudie swali."

"Nitajuaje karudi?"

Namwambia aangalie kope.