Planja Mbili Zilizochoka

Mwaka 2009 nilikuwa taniboi kwenye lori la mjomba, la silinda sita lisilo na tabo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, tukibeba simenti kutoka Athi River hadi Nakuru. Likishachanganya lilikimbia vizuri. Taabu ilikuwa kung'oka. Foleni ikitusimamisha pale Kangemi, mjomba akiachilia klachi, injini inatetemeka na kukata, hadi alilazimishe kwa resi na klachi inuke. Likizimika likiwa moto, haliwaki mpaka lipoe.

Klachi ilibadilishwa, filta pia. Fundi mmoja wa Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, akataka kukata sili ya pampu inayosukuma dizeli kwenye injini, afungue skrubu ya mafuta ili imwage zaidi. Mjomba akakataa, na alifanya vyema. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na tabo ukiimwagia dizeli kupita hewa iliyopo, utavuna moshi mweusi tu.

Tukaipeleka pampu kwa mzee mmoja Industrial Area. Aliifunga kwenye mashine ya kupimia, mirija sita ya kioo ikiwa imejipanga, kila planja, yaani pistoni ndogo ya pampu inayosukuma dizeli ya silinda moja, na mrija wake. Alipoizungusha mara 1,000 kwa dakika, dizeli ikapanda karibu sawa kote. Akashusha hadi 300, ambayo kwa injini ni 600, kwa kuwa pampu huzunguka nusu ya mwendo wa injini. Mirija miwili ikabaki nyuma kabisa.

"Mzee, mbona huko juu ilikuwa sawa?" nikauliza.

"Kijana, huko juu mafuta hayapati nafasi ya kutoroka."

Akatoa planja moja mpya na bareli yake, kijisilinda inamoteleza, akazilowesha dizeli, akaziba matundu kwa vidole, akaivuta planja kidogo na kuiachilia. Ikarudi ndani yenyewe. Ile yetu ikabaki pale pale ilipovutwa. Kati ya planja na bareli hakuna sili yoyote, ni nafasi ya kama milimita 0.003 tu. Planja ikilika, ikienda polepole mafuta hurudi nyuma, na dizeli yenye joto, kwa kuwa ni nyepesi, huvuja zaidi. Ndiyo sababu lilikataa kuwaka likiwa moto.

Kilichozila, kwa maoni ya mzee, ni dizeli iliyotiwa mafuta taa, kwani planja hulainishwa na hayo hayo mafuta inayosukuma. Sisi tulikuwa tukinunua dizeli ya mitungi kando ya barabara. Serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 kuzuia uchanganyaji, niliwahurumia sana wanaoyapikia, lakini uchanganyaji wenyewe sikuutetea hata kidogo.

Mzee alibadilisha planja zote sita, akazisawazisha hadi mirija ikalingana kwenye 300, kisha akaja mwenyewe kuweka taimingi, yaani wakati wa pampu kurusha dizeli. Mlima wa Limuru mjomba aling'oa lori na mzigo kamili, mguu ukigusa mafuta kidogo tu.