Meno ya Mama wa Maji ya Chai

Anayesomea ufundi wa meno bandia anaweza kumaliza muhula mzima bila kuona mdomo wa mgonjwa. Anacholetewa ni kipimo alichochukua daktari, yaani chapa ya meno na ufizi wa mgonjwa. Anakimwagia plasta, na kuanzia hapo mgonjwa kwake ni taya jeupe juu ya meza, lenye namba ya jalada na karatasi ya maelekezo. Hata rangi ya jino huja kwa herufi na tarakimu. Tulisomea kipimo cha rangi cha VITA, cha Ujerumani, chenye vijino 16 kuanzia A1 hadi D4, na kufikia mwaka wa pili nilikuwa nimeshavikariri vyote.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, Dar es Salaam, ilipokuja karatasi ambayo sehemu ya rangi iliachwa wazi. Pembeni daktari ameandika: fundi aje aone mwenyewe. Yalitakiwa meno mawili ya juu kushoto, la mbele kabisa na linalolifuata. Mgonjwa alikuwa ameanguka na bodaboda.

Nikapanda kliniki. Kwenye kiti alikaa mama wa makamo, kijana wake amesimama nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Alipofungua kinywa kunijibu, nikaelewa kwa nini daktari hakuandika kitu. Meno yake yalikuwa na mistari myembamba myeupe ya chaki iliyokata jino kwa mlalo, na katikati ya kila jino doa la kahawia iliyokolea. Hapakuwa na uchafu, wala ugoro. Alikuwa ametoka Maji ya Chai, Arumeru.

Maji ya upande ule yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vingi kule vinavyopita kiwango hicho kwa mbali. Magadi ya kupikia maharage na makande huongeza nyingine. Mtoto akikua na maji hayo wakati meno ya utu uzima bado yanajijenga ndani ya taya, yanaota yakiwa tayari na rangi hiyo, na hakuna mswaki wa kuitoa. Mimi ni mtu wa Tanga. Habari hizo nilizijua vitabuni, na kwa rafiki yangu wa bweni kutoka Usa River, msichana mwenye akili sana, ambaye kila akicheka aliziba mdomo kwa kiganja. Iliniuma kila nilipomwona akifanya hivyo.

"Dada, mwekee meupe kabisa," kijana akaniambia. "Si ndiyo nafasi yenyewe?"

Mama akamwacha amalize. Kisha akanigeukia mimi.

"Mawili meupe katikati ya haya? Nikikaa kanisani na dada zangu, watu watakuwa wananitazama mimi au wanatazama meno? Nitengenezee ya kwetu, mwanangu."

Nikaomba ruhusa nikae karibu naye, nikachora. Jambo lililonisaidia nililiona pale pale: meno huumbika kwa jozi, la kulia na mwenzake wa kushoto kwa wakati mmoja, kwa hiyo madoa ya floraidi nayo hukaa kwa jozi. Upande wake wa kulia ulikuwa mzima. Nilichotakiwa kufanya ni kuugeuza, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Doa la jino la kati lilianzia juu kidogo ya ncha likapanuka kuelekea ufizi. La jino la pembeni lilikuwa dogo, limeegemea upande mmoja. Nikaandika kila kitu, hata ule mstari mweupe mmoja uliokuwa mnene kuliko mingine.

Maabara, nilichagua meno ya akriliki, ile plastiki ya meno bandia, yenye umbo lake, nikayakwangua uso wa mbele kiasi cha unene wa karatasi. Nikachanganya akriliki inayoganda yenyewe na rangi ya kahawia, nikaipaka kwa brashi ndogo kabisa, tabaka juu ya tabaka, kisha mistari myeupe, kisha tabaka angavu la kufunika ili mate na chai visiilambe rangi. Mwalimu wetu wa vitendo alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliichukua ile karatasi ya mchoro, akaitazama, akairudisha, akasema, "Doa lisiwe na ukingo. Lififie." Alikuwa sahihi. Doa lenye ukingo mkali linaonekana limechorwa.

Sehemu ya ufizi bandia, inayoshika meno, niliipika polepole, kama inavyotakiwa: kile kimiminika cha akriliki huchemka kwenye nyuzi 100 na kidogo, na ukiharakisha moto, ndani kunabaki matundu.

Siku ya kuvalishwa, daktari aliniita tena. Akamwambia mama ahesabu kuanzia sitini, maana hizo "s" ndizo zinazofichua jino lililokaa vibaya. Sitini na moja, sitini na mbili, mpaka sitini na sita, safi. Nikampa kioo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akacheka kinywa wazi bila kuinua mkono. Kijana wake akainama karibu, akauliza yapi ni yapi.

Nikamwelekeza ayavue usiku na kuyaweka kwenye maji. Akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: wajukuu je? Alikuwa nao watatu nyumbani, mdogo bado ananyonya. Nikamweleza kwamba mpaka kama miaka minane hivi ndipo taji, ile sehemu ya jino inayoonekana, za meno ya mbele na mengi ya nyuma huwa zimekamilika, kwa hiyo maji ya watoto wadogo ndiyo ya kuangalia kwanza: ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, uliofanyiwa utafiti kule kwao Ngurdoto. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Magadi kwenye chakula chao, aache.

Akamwambia kijana ampigie simu mkewe. "Mwambie lile tanki la bati asinyweshee ng'ombe tena. Hayo ni maji ya watoto, na ya uji wao."