Kipande cha shaba kilivyonidanganya

Mara ya kwanza kupima joto mahususi la shaba, yaani joto linalohitajika kupandisha kilogramu moja yake kwa nyuzi moja, nilipata 376. Vitabu vinataja jouli 390 hivi kwa kilogramu kwa kila nyuzi, kwa hiyo nilifurahi nikafunga daftari. Kilichonirudisha mezani ni matone ya maji.

Nilikuwa nimechemsha kipande cha gramu 200 ndani ya maji yenye nyuzi 98, nikakivuta kwa uzi na kukitumbukiza kwenye kalorimita (chombo cha kupimia joto) ya alumini yenye gramu 150 za maji ya nyuzi 24. Maji yakapanda hadi 31.9, na joto yaliyolipata nikalihesabu kuwa ndilo lililotoka kwenye shaba. Nilipokuwa nafuta meza nikaona matone yamejipanga kutoka kwenye jiko hadi kwenye kalorimita. Kumbe shaba haikusafiri peke yake! Nikapima kalorimita upya: ilikuwa imezidi kwa gramu 2. Utasema si kitu, lakini gramu moja ya maji hubeba joto karibu mara 11 ya gramu moja ya shaba. Ni kama niliongeza gramu 20 na ushee za shaba zisizokuwemo kwenye hesabu.

Nikarudia, safari hii nikikifuta kwa kitambaa. Jibu: 303.

Nilikaa nikiitazama ile namba. Nimeondoa kosa, jibu limeharibika zaidi? Ndipo nikaelewa kwamba wakati nafuta, shaba ilikuwa inapoa, huku hesabu yangu ikiendelea kudai ina nyuzi 98. Mwanzoni maji ya moto yalikuwa yanafidia joto lililopotea njiani. Makosa mawili yalivutana, mimi nikadhani nina mkono mzuri.

La tatu lilikuwa la karatasi tu: nilisahau chombo. Kalorimita na kikorogeo chake, gramu 50 za alumini, hunyonya jouli 45 kwa kila nyuzi. Maji yenyewe hunyonya 630. Kuviingiza kulipandisha 303 hadi 325.

Kisha nikabadili namna ya kupasha. Kipande nilikiweka ndani ya kikopo kikavu chenye kifuniko, nacho kikopo kikasimama kwenye maji yanayochemka kwa nusu saa. Themomita ya ndani ya kikopo ilisoma 96, si 98, na hiyo 96 ndiyo niliyoitumia. Kalorimita niliizungushia pamba na kuisogeza karibu, kipande cha boksi kikiikinga na jiko. Nikaazima pia ujanja wa Rumford, mwanasayansi wa zamani aliyechunguza joto: chumba kilikuwa na nyuzi 25, nikaanza na maji ya 21, ili joto yatakalovuta kutoka nje mwanzoni likaribiane na yatakalopoteza mwishoni.

Kusoma themomita nako kuna mtego. Ikikaa karibu na shaba hupanda upesi kisha hurudi chini, na mwenye haraka huandika ile ya juu. Nilikoroga taratibu, nikaandika kila sekunde 10 mpaka namba zikatulia na kuanza kushuka: 28.6.

Hesabu ikatoa 381. Marudio mawili yakatoa 374 na 386, na hapo sishangai, kwani themomita yangu ina mistari ya nyuzi 0.2, na kukosea mstari mmoja katika ongezeko la 7.6 tayari ni zaidi ya asilimia 2.

Ile 376 ya kwanza bado imo daftarini. Nimeikata kwa mstari mmoja mwembamba, ili isomeke.